Si Kila Maumivu ni Chango



Bibi zetu wa Pwani waliyapa maumivu ya hedhi jina moja tu: chango. Msichana akijikunja kitandani huambiwa avumilie, akishazaa yatamwondoka. Baadhi yao huolewa, mimba isiingie, na hapo lugha hugeuka: yule aliyehimizwa kuvumilia sasa huitwa tasa. Mara nyingi mambo haya mawili yana shina moja, nalo ni maradhi yaitwayo endometriosisi.

Katika maradhi haya, nyama iliyo mfano wa utando wa ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake: juu ya vifuko vya mayai, kwenye mirija, hata juu ya matumbo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa wanawake na wasichana milioni 190, yapata asilimia 10 ya walio katika umri wa kuzaa, wanayo.

Mnamo mwaka 1927 daktari wa Kimarekani, John Sampson, alieleza kuwa damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kumwagika tumboni pamoja na vipande vya utando. Baadaye ikadhihirika kwamba damu hurudi hivyo kwa wanawake walio wengi, na wengi wao hawaugui. Basi kwa nini huyu augue na jirani yake asalimike?

Sehemu ya jibu imo katika kinga ya mwili. Chembe za mwili hubeba jeni zile zile, mithili ya mtaa mzima wenye kitabu kimoja cha mapishi. Tofauti ni ukurasa upi umefunguliwa jikoni. Kwa wagonjwa hawa, watafiti wamekuta kurasa za kinga zikisomwa isivyo kawaida. Chembe za kufagia taka hujaa tumboni, lakini badala ya kufagia humwaga kemikali za kuchochea uvimbe, kama interlukini-6. Chembe zenye kazi ya kuua vilivyopotea njia nazo hulegea. Kisha jeni iitwayo HOXA10, ambayo husaidia kuutayarisha mfuko wa uzazi upokee mimba, kwa wengi husomwa kwa uchache, na utando hauitikii ipasavyo homoni ya projesteroni. Mimba changa hufika ikakuta kitanda hakijatandikwa. Yuko wapi hapo mwenye kulaumiwa?

Elimu hii bado haijawa kipimo cha kawaida hospitalini. Daktari hutegemea maelezo yako, picha za mawimbi ya sauti, na pengine kuchungulia tumboni kwa kamera ndogo. Vidonge vya homoni hutuliza maumivu lakini huzuia mimba, hivyo mwambie waziwazi ikiwa unatafuta mtoto. Upasuaji huwasaidia baadhi, na wengi huzaa bila tiba kubwa. Ama kutungisha mimba nje ya mwili, wanazuoni wengi wameruhusu maadamu yai na mbegu ni vya wanandoa wenyewe na ndoa yao ingalipo.

Na mume naye apimwe mbegu mapema, kabla mkewe hajalazwa juu ya meza ya upasuaji. Kipimo chake hakina kisu wala ganzi.