Mwacheni Tobey Maguire Apumzike, Spider-Man 4 Hatuihitaji

Kila baada ya miezi michache inarudi ile stori. Mtu anaposti bango la Tobey Maguire kavaa lile vazi jekundu, juu limeandikwa "Spider-Man 4", na chini watu wanashangilia kama wametangaziwa ajira. Siku mbili baadaye inajulikana bango lenyewe kuna dogo alilitengeneza kwa kompyuta chumbani kwake. Tunatukanana kidogo, tunasahau, likija lingine tunalisambaza tena.

Kabla hamjanivamia, nieleweke: mimi hizi muvi tatu za Sam Raimi, ya 2002, ya 2004 na ya 2007, nazikubali kuliko muvi zozote za masuperhero zilizowahi kutoka. Nimezirudia mpaka najua wapi Peter atameza mate. Na ni kwa sababu hiyohiyo nasema ya nne isitengenezwe.

Tuanze na hili swali ambalo watu wanalijibu haraka haraka: kwa nini bado tunazipenda? Utasikia, "aah, utoto tu huo, ukiwa mdogo kila kitu kitamu." Sikubali. Miaka ileile tulikuwa na Daredevil na Hulk (2003), Catwoman (2004), Fantastic Four (2005), Ghost Rider (2007). Tulikuwa wadogo vilevile. Tuliziangalia kwenye vibanda umiza vilevile, benchi lilelile la mbao, au nyumbani kwenye DVD moja yenye muvi nane ambayo kava lake lina mastaa wasiokuwemo ndani. Sasa nionyeshe mtu mmoja mtaani kwenu anayelala na kuamka akiomba Catwoman irudi. Mmoja tu. Halafu kuna madogo waliozaliwa baada ya 2007 kabisa, hawana kumbukumbu yoyote ya kibanda umiza, na wao Tobey hawamwambii kitu. Huo nao ni utoto wa nani?

Kinachozitofautisha hizi muvi ni kwamba steringi hana hela.

Simaanishi kimafumbo, yaani hana hela kabisa. Icheki ya pili ilivyoanza. Peter Parker anapeleka piza. Njiani anasimama kuokoa watoto wasigongwe na lori, anachelewa, anafukuzwa kazi. Anakimbilia gazetini kuuza picha. Jameson, yule bosi anayechezwa na J.K. Simmons, bingwa wa kufoka, anamkata malipo yote kwenye deni la mshahara aliochukua mapema. Anatoka mikono mitupu. Chuoni mwalimu anamwambia anakaribia kufeli. Anaenda nyumbani kwa May, kumbe ni siku yake ya kuzaliwa na mwenyewe kasahau, na pale anaiona barua ya benki: nyumba iko njiani kuchukuliwa. May anamlazimisha apokee dola 20. Peter anakataa, yule mama anakuwa mkali mpaka machozi yanamtoka, ikabidi dogo apokee. Anarudi kwenye chumba chake cha kupanga, mwenye nyumba yuko macho. Ile 20 inaenda palepale.

Hapo Doctor Octopus bado hajaota hata mkono mmoja wa chuma. Adui hajatokea, na sisi tayari tumeshachoka pamoja na Peter.

Ndiyo maana muvi iliyopigwa New York, na watu wasiojua hata kodi ya miezi sita ni kitu gani, inaingia vizuri kwa mtu anayeendesha bodaboda ya kupeleka chakula na mteja anakataa oda akiwa ameshafika getini. Mtu huyo Batman hawezi kumwambia lolote kuhusu mwisho wa mwezi. Iron Man ndiyo kabisa. Hata Tom Holland, ambaye mimi namkubali sana, Peter wake alianza kwa kuvalishwa na bilionea. Na angalia hili: mwisho wa No Way Home, waandishi walipotaka tumpende zaidi, walimfanya nini? Walimpeleka kwenye chumba kimoja cha hovyo, hana mtu, hana hela, anajishonea nguo kwa cherehani. Walirudi kulekule kwa Raimi.

Halafu kuna lile suala la May, ambalo nadhani sisi tunalisikia vibaya kwa sababu ya tafsiri. Kila siku tunaambiwa "mjomba Ben" na "shangazi May". Lakini Ben ni kaka wa baba yake Peter. Kwetu huyo ni baba mkubwa, na mkewe ni mama mkubwa. Ukiliweka hivyo, uzito unabadilika. Dogo ni yatima, kalelewa na baba mkubwa, halafu usiku mmoja kwa kisirani tu (promota wa mieleka alimpa dola 100 badala ya 3,000) anamwacha mwizi apite mbele yake. Usiku huohuo mzee anapigwa risasi. Miaka miwili Peter anakaa na hiyo siri huku yule mama akijilaumu mwenyewe.

Kwenye ya pili anaisema. Wamekaa mezani, hakuna muziki wa kukulazimisha ulie, hakuna mlipuko. Anamwambia ukweli. Mama mkubwa anaunyanyua mkono wake kutoka kwenye mkono wa Peter, anasimama, anapanda ngazi bila neno. Basi. Rosemary Harris alikuwa na miaka zaidi ya 75 alipocheza pale, na kwangu ile ni sini kali kuliko mapigano yote ya hizi muvi tatu yakichanganywa. Najua wengi wenu mtasema treni. Treni ni moto, sibishi: abiria wanambeba juu kwa juu, wanaona kumbe ni kijana tu, wanamrudishia barakoa na kumuahidi kunyamaza. Lakini treni inakuliza mara moja. Ile ngazi inakurudia ukiwa unaosha vyombo.

Sasa tuje kwenye ya tatu, na hapa tusijifanye tumesahau. Mwaka 2007 ile muvi tuliiponda. Ilikuwa na maadui watatu wanaogombania nafasi, Venom akaingizwa kwa presha ya maprodyuza wakati Raimi mwenyewe hakuwa na mapenzi naye, na Peter akaweka nywele usoni akaanza kucheza barabarani. Watu walicheka, na hawakuwa wanacheka kwa upendo. Iliingiza pesa kuliko nyingine zote mbili, karibu dola milioni 890 dunia nzima, na bado watu walitoka wakinung'unika. Raimi mwenyewe alikuja kukiri kwamba haikumwendea vizuri.

Leo uchezaji uleule ndio meme inayopendwa kuliko zote. "Bully Maguire" amewekwa kwenye kila muvi, kila mechi, kila bunge. Watu wanaitetea ya tatu kwa jasho. Sini ya Sandman anavyojikusanya kutoka kwenye mchanga, punje kwa punje, akijaribu kuishika picha ya mwanawe na vidole vinamwagika, sasa hivi inatajwa kama kitu cha kufundishia. Na ilikuwepo palepale tangu 2007! Haikuongezwa.

Kwa hiyo haya mapenzi hayakuwepo mfululizo kwa miaka yote hii. Yalikatika, yakarudi. Na yalirudi kwa sababu muvi zilikaa kimya. Hakukuwa na ya nne ya kuzidi kuboronga, wala ya tano ya kuomba radhi kwa ya nne. Tulipata nafasi ya kurudi wenyewe, taratibu, na kugundua ya tatu inaishia pazuri sana: klabu, MJ anaimba, Peter anaingia, ananyoosha mkono, wanacheza polepole bila kuongea. Huwezi kujua kama wamerudiana au wanaagana. Nadhani huo ndio mwisho mzuri kuliko wote kwenye muvi za aina hii, na upo kwenye ile "mbovu".

Jambo ambalo mashabiki wa "tuleteeni ya nne" hawapendi kukumbushwa ni hili: ya nne ilikuwa inakuja. Sony waliipangia Mei 2011. Januari 2010 ikafutwa, na mtu aliyejitoa ni Raimi mwenyewe, kwa sababu hakuridhika na script na aliona kwa tarehe ile hawezi kutoa muvi nzuri. Ameshaumizwa na ya tatu, kapewa nafasi nyingine na mkwanja mnene, na akasema hapana. Sasa mwenye muvi zake alizilinda kiasi hicho, wewe na mimi tunataka kumshika shati arudi jikoni?

Na kulikuwa na mtu aliyelipa gharama ya hasira zetu. Andrew Garfield. Alichukua vazi mwaka 2012, akarudi 2014, na kosa lake kubwa lilikuwa kutokuwa Tobey. Muvi zake zina matatizo, ya pili hasa imejaa kama daladala ya saa 12 jioni, lakini maneno aliyokula yeye kama yeye yalipitiliza. Alipigwa chini. Miaka 7 baadaye anatokea kwenye No Way Home, anamdaka MJ wa Zendaya anayeanguka, uso unamgeuka kwa kumkumbuka Gwen aliyeshindwa kumdaka, na watu walewale waliomtukana wakaanza kudai apewe ya tatu yake. Hatukuwa na aibu hata kidogo. Mapenzi ya kumpenda mmoja kwa kumpiga mwingine mimi siyaelewi, na naona Miles Morales akipata muvi ya watu halisi siku moja, huyo kijana ataulizwa hilohilo: wewe ni nani mbele ya Tobey?

Mtaniambia, "si No Way Home ilimrudisha Tobey na ikapiga dola bilioni 1.9?" Ndiyo, na ilipiga kwa sababu ilimtumia kwa kipimo. Katokea mwishoni mwishoni huko. Mgongo unamuuma. Kuhusu MJ anasema kwa kifupi tu kwamba ilikuwa ngumu lakini waliweza. Hawakueleza zaidi, na sisi tuliobaki tukajaza wenyewe. Halafu anafanya kitu kimoja kikubwa: anasimama katikati ya Tom na Green Goblin ili dogo asiue, bila kusema kitu, anamwangalia tu. Ule ni uso wa mtu aliyemwacha mwizi apite mwaka 2002. Inatosha. Ukiongeza saa mbili na nusu juu ya pale, unaanza kuchanganya maji.

Ushahidi tunao. Mwaka 2023 DC walimtoa Michael Keaton kabatini, Batman wa 1989 mwenyewe, wakamweka kwenye The Flash wakidhani kumbukumbu peke yake italeta watu. Ilidunda vibaya. Mwaka uliofuata Hugh Jackman alirudi kuwa Wolverine, na hiyo ilipiga hela kweli, zaidi ya dola bilioni 1.3, siwezi kudanganya. Nilicheka sana. Lakini nilipoirudia Logan ya 2017 baada ya hapo, lile kaburi la mwisho halikunishika kama zamani, maana nimeshaona mifupa yake ikifukuliwa na kufanywa silaha za utani. Ndivyo bili inavyokuja. Unapewa kicheko cha mwaka mmoja, unachukuliwa machozi ya miaka 7.

Kitu ninachokitaka mimi ni kidogo na kinawezekana. Mwaka 2024 Sony walizirudisha muvi za Spider-Man kwenye majumba ya sinema Marekani, Jumatatu moja muvi moja. Hicho tuletewe. Wengi wetu hizi muvi hatujawahi kuziona kwenye skrini kubwa. Tumeziona kwenye TV ya nchi 21 yenye mistari, sauti ya DJ anayetafsiri ikiwa juu kuliko muziki wa Danny Elfman. Wenye majumba ya sinema hapa wakiweka ile ya pili usiku mmoja tu, tiketi za bei ya kawaida, nitakuwa wa kwanza kwenye foleni na nitalia kwenye ngazi mbele ya watu.

Ila nyie wa "ya nne ije" nawaulizeni, na mnijibu kwa hoja, siyo kwa emoji: Tobey kazaliwa 1975. Cliff Robertson aliyekuwa Ben alifariki 2011. Peter wa miaka 50, mwenye mgongo mbovu, mwenye MJ wake, huyo anahangaika na nini sasa hivi? Mwenye nyumba gani bado anamdai?