Nasema Magongo Yatarudi Olimpiki

Hapa Hurlingham, ukitaka watu wakusanyike, taja Gor Mahia au AFC Leopards. Taja mpira wa magongo, nao watakutazama kwa huruma, kama mtu anayewasifu marehemu. Muuza magazeti wangu aliniuliza, "Mzee, hao si walikwisha zamani?" Simlaumu. Kenya ilicheza magongo Olimpiki mara ya mwisho mwaka 1988, huko Seoul, naye hakuwa amezaliwa. Hata kwetu Mombasa ukisema magongo, mtu hudhani unauliza njia ya kwenda mtaa wa Magongo, kule Changamwe.

Na hili jina letu la Hurlingham, ndugu msomaji, nalo lina magongo ndani yake. Klabu ya London yenye jina hilo ndiyo iliyowatungia Waingereza kanuni za polo, na polo ni magongo vile vile, ila mchezaji amepanda farasi.

Mimi si mpiga ramli, lakini natabiri kwamba kabla ya mwaka 2040 timu ya Kenya itarudi Olimpiki. Wala sitashangaa wasichana wakitangulia. Klabu ya Telkom Orange, ambayo baadaye ilijiita Blazers, imelitwaa kombe la klabu bingwa za Afrika mara nyingi, na mwaka 2022 wasichana wetu walicheza Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham.

Asiyejua tulikotoka atacheka. Mwaka 1964, huko Tokyo, Kenya ilikuwa ya sita duniani. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa, huko Barcelona, tulikuwa wa nne. Waliotutangulia ni Pakistan, Hispania na India tu. Avtar Singh Sohal, maarufu kwa jina la Tari, alicheza Olimpiki nne tangu 1960 hadi 1972, na katika tatu alikuwa nahodha.

Wako wasemao kwamba hayo yalikuwa mambo ya Wahindi na Wagoa, na walipohamia Uingereza na Kanada mchezo ukahama nao. Mgala muuwe na haki mpe: wao ndio waliojenga, na kuondoka kwao kulituumiza. Lakini mwaka 1987, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika papa hapa Nairobi, Kenya ilitwaa dhahabu, na mwaka uliofuata kina Peter Akatsa na Lucas Alubaha walikuwa Seoul bega kwa bega na kina Singh. Mchezo haukuhama. Ulipata watoto wengine.

Kilichotuangusha, kwa maoni yangu, ni zulia. Mwaka 1976 Olimpiki ya Montreal ilichezwa juu ya nyasi za bandia, nasi hatukuwapo kwa sababu ya mgomo wa Afrika. Mwaka 1980 tukagomea Moscow. Tuliporudi mwaka 1984, mchezo ulikuwa umegeuka. Juu ya zulia mpira huteleza kama ushanga uliomwagika sakafuni. Juu ya uwanja wa shule huruka kama panzi. Kijana wa Kamusinga au wa St Anthony's Kitale hufundishwa kumdhibiti panzi, kisha hupelekwa City Park akaambiwa afukuze ushanga. Mwenzake wa Uholanzi amekanyaga zulia tangu utotoni. Tukifungwa, twasema hatuna vipaji!

Sasa hapa ndipo tumaini langu lilipo. Mazulia bora yalihitaji kumwagiwa maji mengi kabla ya mechi, na katika mji wa maji ya mgao nani angethubutu kuomba? Wakuu wa mchezo huu duniani wamekuwa wakitafuta zulia lisilohitaji maji. Likienea, ile sababu ya kutonunua itakuwa imekufa. Liwekwe moja Bungoma, moja Kisumu, moja Mombasa (naam, napendelea kwetu), nanyi mhesabu miaka kumi. Afrika Kusini na Misri, ambao wamekuwa wakituzibia njia, watatutafuta kwa macho.

Mwenye shaka aje ajionee ligi ikichezwa City Park. Kutoka hapa ni matatu ya namba 46 hadi mjini, kisha nyingine ya Parklands. Mahali pa kukaa hapatakosekana.