Utendi uko Walikale

Ndugu mwandishi, makala yako imetueleza utendi, mhusika mkuu na mgogoro. Lakini mbona mifano yote inatoka Ugiriki? Wanyanga wa Walikale, mashariki mwa Kongo, wana utendi wa Mwindo, uliosimuliwa na Candi Rureke na kuchapishwa 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema. Baba yake, mwami (chifu) Shemwindo, aliyekataza watoto wa kiume, anataka kumuua. Unataka mgogoro gani tena? Baadaye shujaa huyo anaadhibiwa mbinguni kwa kuua zimwi Kirimu, rafiki wa Nkuba, mwenye radi, na anarudi amenyenyekea. Hayo ndiyo mabadiliko ya mhusika. Walimu wa Masisi na Walikale, anzeni na Mwindo, Homer wa Ugiriki atasubiri.