Rafiki wa Dhiki Hatoshi

KIBARAZANI na Mwanabaraza

Tangu shule ya msingi tumekaririshwa kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mpaka leo methali hiyo haijapata wa kuihoji. Mimi naihoji. Katika nchi hii kufaana kwa dhiki hakumtambulishi rafiki, kwa sababu kila mtu anafaa. Mtu akifiwa Buguruni au Mbagala, jua halijazama turubai limeshasimama, viti vimeshushwa, daftari la rambirambi limefunguliwa, na vijana wasiomjua hata marehemu wanapokezana jeneza. Jirani mliyenuniana mwaka mzima kwa ajili ya bomba la maji analala msibani siku tatu. Ni utu wetu, na Mungu atudumishie. Lakini ukitaka kujua nani anakupenda, msiba hautakwambia. Subiri upate.

Upate nini? Chochote. Upate kazi yenye gari, umalize nyumba yako Goba, uchumbiwe ukiwa na miaka 40 wakati watu walishakata tamaa kwa niaba yako. "Hongera" utapewa, tena kwa sauti, ila nyuma yake kuna "lakini". Hongera kwa nyumba, lakini huko mvua zikinyesha si hampiti? Hongera kwa uchumba, lakini huyo si ndiye aliyekuwa na mke Morogoro? Ukigeuza mgongo, ana mtu huko juu, kaenda kwa mganga, kajiunga na Freemason. Na anayeyasema hayo ndiye yuleyule aliyekuchangia ulipolazwa, tena bila kuombwa.

Usimwite mnafiki. Siku ile alikuhurumia kwelikweli. Aliyelazwa yuko chini na anayemletea uji yuko juu, na huruma haina shida kutoka ikiwa inashuka. Ukipata wewe, inabidi ipande, na hapo wengi pumzi hukata. Ndiyo maana sijasikia fundi cherehani wa Manzese anayemwonea wivu tajiri Bakhresa. Bakhresa yuko mbali mno. Wivu wote uko kwa fundi wa meza ya pili, waliyeanza naye siku moja, ambaye juzi kanunua cherehani ya umeme. Kanga zinatuambia kuwa hasidi hana sababu. Anayo: mlianza pamoja.

Mwaka 1963, akiwa ndiyo kwanza ameingia kwenye kiti cha urais wa Tanganyika, Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu kifo cha Julius Caesar, yaani Kaizari. Mnaoikumbuka, rudini pale Cassius anapomshawishi Brutus aingie kwenye njama ya kumuua Kaizari. Haanzi na sheria wala haki za raia wa Roma. Anaanza na siku waliyoshindana kuogelea mto Tiber, Kaizari akazidiwa na maji, akaita msaada, Cassius akamtoa. Kisha anakumbushia homa iliyompata Kaizari huko Hispania, alivyokuwa akitetemeka na kulilia maji ya kunywa. Kwa kipimo cha methali yetu, Cassius ni rafiki namba moja. Kaizari angekufa mtoni siku ile, pengine huyu ndiye angelia kuliko wote. Kosa la Kaizari ni kwamba alipona, akawa mkubwa. Cassius aliweza kumbeba. Kumtazama kwa kuinua shingo ndiko kulikomshinda. Walimu wa fasihi wataniambia alikuwa na sababu za kisiasa pia. Alikuwa nazo. Wivu hautoki nyumbani bila sababu nzuri mfukoni.

Wazungu wenyewe walilijua hili wakaona haya. Mwaka 1665 La Rochefoucauld, mtukufu mmoja wa Ufaransa, alichapisha kitabu cha semi fupi za tabia za watu, na usemi mmoja ulidai kwamba hata katika masaibu ya rafiki zetu wa dhati mna kitu kisichotuchukiza. Toleo lililofuata akauondoa. Kitabu kizima kinasema wema wetu mwingi ni ubinafsi uliojifunika vizuri, na hilo hakulifuta. Lile moja la marafiki ndilo lililomzidi.

Ndani ya nyumba mambo ni hayohayo. Wako waume waliouguza wake zao miezi na miezi, wakafua, wakapika, mtaa mzima ukawatolea mfano. Mke akapona, akarudi kazini, akapandishwa cheo hadi mshahara ukampita bwana. Bwana akaanza kurudi saa sita usiku. Mke naye atavumilia njaa na mumewe miaka 10, duka la pili likifunguliwa analala jicho wazi. Huyu simlaumu sana. Ameshaona nyumba ambazo baada ya duka la pili alifuata mke wa pili.

Kinachonisikitisha zaidi ya wivu wenyewe ni jinsi tulivyouzoea. Mtu amejenga vyumba vitatu na sebule, anakwambia amejibanza kwenye kibanda. Amenunua gari, anasema ni la mkopo, halafu kwanza linamsumbua. Binti amefaulu, mama anaomba asitangaze mpaka barua itoke. Tunawaficha marafiki neema zetu, shida tunawagawia bila kuulizwa, kisha tunashangaa kwa nini mazungumzo yetu yote ni ya shida.

Kwa hiyo msomaji wangu, yuko mtu wako aliyepata jambo jema mwezi huu na hujampigia. Unamjua, na sababu ya kutompigia unaijua. Mpigie leo, umpe hongera isiyo na lakini, na tafadhali usimwombe mkopo kwenye simu hiyohiyo.