Kabla ya mashua za Ulaya, tuwapeleke watoto Athi

Wasee, hebu tuongee kuhusu hizi tripu za shule. Kule Uingereza kuna mashua ndefu, nyembamba, ambazo wanafunzi huishi ndani yake siku kadhaa wakisafiri kwenye mito na mifereji. Wanapika kwa zamu, wanafungua malango ya maji kwa mikono yao, na usiku wanalala humo humo. Hapa kwetu pia kuna shule za karo kubwa zinazopeleka watoto ng'ambo. Sina kinyongo. Anayeweza, aende.

Kinachonisumbua ni vile sisi wengine tumeamini kwamba bila paspoti hakuna cha kujifunza safarini. Huku Mukuyuni tripu ni kuamka saa kumi alfajiri, kubanana kwenye basi hadi Nairobi, kuona simba nyuma ya waya, kunywa soda na kurudi usiku. Ambaye mzazi wake hakupata pesa anabaki nyumbani.

Sasa jiulize: mtoto wa ile mashua anafaidika na nini hasa? Si Ulaya. Ni kukaa na mto hadi aujue. Na mto tunao.

Maji ya Kaiti na Thwake huingia Athi. Athi unakuja na uchafu wa Nairobi, unapita mpakani mwa Makueni na Kitui, ukikutana na mto Tsavo unaitwa Galana, na ukikaribia bahari kaskazini mwa Malindi unaitwa Sabaki. Hapo kuna jiografia, sayansi na siasa.

Wanafunzi wetu wapewe siku tatu kando ya mto huo. Walale kwenye madarasa ya shule jirani, wapike wenyewe. Wawaulize akina mama wanaochimba maji mchangani kwa nini mchanga ukiibwa maji nayo hupotea. Wasome kwa nini kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015. Halafu wafike Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa 2018, waone mahali ambapo ziwa zima limepangwa kukaa.

Mashua si lazima. Athi una mamba na viboko, kwa hivyo mwongozaji wa eneo hilo ni lazima. Lakini kama ni mashua tunataka, mfano uko hapa hapa Kenya. Flipflopi, jahazi la Lamu lililoundwa kwa plastiki iliyotupwa na kupambwa kwa malapa makuukuu, lilisafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Mwaka 2021 likaenda Ziwa Victoria. Kote huko lilikuwa likifundisha watu kuhusu taka.

Na hili si jambo la kujifurahisha tu. Desemba 2021, kule Mwingi, basi la wanakwaya lilizama katika mto Enziu uliofurika, na watu zaidi ya 30 wakafa. Wengi wetu Ukambani tumekua tukiona mto mkavu miezi mingi, kisha siku moja unashuka na nguvu zote. Hatujui kuogelea, hatujui kusoma maji. Sasa tunajengewa bwawa kubwa, na bado hakuna anayewafundisha watoto watakaoishi kando yake.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo mtu ataniuliza najua nini kuhusu elimu. Najua hivi: mambo niliyokaririshwa darasani mengi yameenda, niliyoyashika kwa mikono bado ninayo.

Walimu wakuu na wazazi wa bodi, muhula ujao mkikaa kupanga tripu, pigeni hesabu mbili: ya basi la Nairobi, na ya siku tatu za Athi. Mkiona ya pili inatosha kubeba hata yule mtoto ambaye hubaki nyumbani, basi mnajua la kufanya.