Treni Pungufu Ndani ya Katoni: Tuziweke, Tuziunde Upya au Tuziuze?



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, leo tunaomba mtuvumilie tuzungumze jambo ambalo wengine wataliona dogo. Ni habari ya treni za kuchezea watoto. Tena si treni kamili, bali treni pungufu: reli zimepotea, behewa moja halina magurudumu, transfoma haionekani. Nyumba nyingi zenye ndugu Ulaya zina katoni ya namna hii, chini ya kitanda au juu ya kabati. Haitumiki wala haitupwi. Kila mwaka inafutwa vumbi na kurudishwa palepale.

Kwetu hapa Buyenzi, Bujumbura, katoni zilikuwa tatu. Mbili aliwaletea wanawe marehemu kaka yetu, aliyekuwa akifanya kazi Brussels, alipokuja likizo. Ya tatu ilifika pamoja na vitu vyake vingine, miezi michache baada ya kufariki kwake. Allah amrehemu. Wanawe wawili na mama yao tunaishi nao.

Mwaka jana mambo yalitubana. Ada za shule na kodi ya nyumba vilikuja kwa pamoja. Akatokea mfanyabiashara mmoja anayesafiri Ulaya, akatuambia: "Maalimu, nipe katoni zote tatu kama zilivyo, nakupa pesa sasa hivi." Tulikuwa tumeshazitoa barazani. Yule kijana mdogo akatoka ndani, akazitazama, akatuuliza: "Baba mdogo, hizo treni unazouza ni za nani?"

Tulikosa la kusema. Sisi tunaowafundisha watoto wa watu masharti ya biashara tulishindwa kumjibu mtoto wa nyumbani. Tukamwambia yule bwana arudi wiki nyingine.

ZA NANI?

Hili ndilo swali la kwanza, na wengi wetu hatuliulizi. Tunasema "vitu vya watoto" kwa mdomo, lakini ikija shida tunaviuza kama vyetu. Katoni mbili za mwanzo baba yao aliwakabidhi mkononi akiwa hai. Hiyo ni hiba, na mali imekuwa yao. Mlezi hana ruhusa ya kuuza mali ya yatima ila pale ambapo yatima mwenyewe ndiye atakayefaidika. Ada yao ya shule inaweza kuingia hapo. Kodi ya nyumba yetu haiingii.

Katoni ya tatu ilikuwa na hukumu nyingine. Hiyo hakumkabidhi mtu, basi ni mirathi. Baba yetu alikwishatangulia, na deni halikubaki. Warithi ni mama yetu, mjane na wale vijana wawili. Katika kila mafungu 24, mama wa marehemu ana 4, mjane ana 3, na 17 yaliyobaki ni ya vijana. Sisi ndugu wa marehemu, maadamu kuna mtoto wa kiume, hatuna kitu. Kwa hiyo tulikuwa tumekaa barazani tukipatana bei ya mali ambayo hatuna hata fungu moja ndani yake. Tunayasema haya ili wengine wajiangalie.

HESABU KWANZA

Siku ya Ijumaa baada ya sala tulitandika mkeka, tukamwaga kila kitu. Vijana wakapanga: reli zilizonyooka upande mmoja, za kona upande mwingine, mabehewa, vichwa vya treni, nyaya. Kila kilichokuwa na jina chini yake walilisoma na kuliandika kwenye daftari.

Katoni mbili za kwanza zilikuwa na vitu vya Lima, kampuni ya Kiitaliano, vikichanganyika na vya Jouef ya Ufaransa. Kampuni hizo hazipo tena kama zilivyokuwa; mwaka 2004 majina yao yalinunuliwa na Hornby ya Uingereza. Katoni ya tatu ilikuwa ya Märklin ya Ujerumani, kampuni iliyoanza mwaka 1859 katika mji wa Göppingen.

Ukizitazama utadhani ni kitu kimoja. Zote zimepunguzwa mara 87 kutoka treni ya kweli, na upana kati ya reli mbili ni milimita 16.5. Kijana mkubwa alizidisha 16.5 kwa 87 akapata 1,435 na kitu. Huo ndio upana, kwa milimita, wa reli nyingi za Ulaya, na wa reli mpya ya umeme iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024. Nchi yetu haina treni ya abiria, lakini siku ile mtoto alipima reli ya nchi za watu kwa rula akiwa amekaa mkekani.

Tofauti iko kwenye umeme. Lima na Jouef hutumia umeme wa aina ya betri, volti 12. Umeme unaingia kwa reli moja na kutoka kwa nyingine, na ukigeuza nyaya treni inarudi nyuma. Märklin ya zamani hutumia umeme unaopishana kama wa ukutani, ila umepunguzwa hadi volti 16, na unapita kwenye vidoto vya chuma vilivyopangwa katikati ya reli. Magurudumu yake ya kushoto na kulia yameungana kwa umeme. Ukikiweka kichwa cha Märklin juu ya reli za Lima, utapiga shoti. Ukiunganisha transfoma ya Märklin na reli za Lima, utaunguza mota ndogo ya Lima. Watu wengi wameharibu vitu vizima kwa kulazimisha ndugu wasiohusiana kukaa nyumba moja.

Basi anayekwambia "nipe zote kama zilivyo" huenda anajua asichokijua muuzaji. Na muuzaji asiyehesabu hajui anauza nini.

KUUNDA UPYA

Katika Lima tulikuta vipande 11 vya kona. Kila kipande kina nyuzi 30, na duara linataka 360, yaani vipande 12. Kimoja kimepungua, treni haizunguki. Tukaanza kufikiria kuagiza kipande kimoja Brussels, na nauli yake ingekuwa kubwa kuliko bei yake.

Kijana mkubwa, ambaye tuliwahi kuvuka naye hadi Kigoma, akasema: "Kwani ile treni ya Kigoma inazunguka?" Kweli, haizunguki. Reli ile ilifika ukingoni mwa ziwa mwaka 1914, na mpaka leo mwisho wake ni palepale. Treni inafika, inageuza kichwa, inarudi ilikotoka. Tukapanga reli zilizonyooka kutoka mlangoni, zikapinda mara moja kwenye kabati, zikaishia chini ya dirisha. Mwanzo wakauita Dar, mwisho wakauita Kigoma. Seti iliyokuwa pungufu kwa duara ikawa kamili kwa safari.

Maoni yetu ni kwamba kuunda upya si lazima kununua kila kilichopotea. Jiulizeni kwanza kilichopo kinatosha kufanya nini. Reli zilisafishwa kwa kitambaa chenye spiriti. Mota iliwekewa brashi mpya za kaboni na tone moja la mafuta, si zaidi. Transfoma fundi wa redio alitutengenezea ya volti 12, yenye swichi ya kugeuza mwelekeo.

Hapa tunawaonya wazazi. Transfoma kuukuu yenye waya uliopasuka msiichomeke ukutani hata kwa majaribio. Na iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani, ya volti 120, itaungua kwa umeme wetu wa 220. Mkono wa mtoto haununuliwi.

KUUZA

Märklin hatukuwa na faida nayo. Watoto wasingeiendesha pamoja na zile nyingine, na vipuri vyake viko mbali. Warithi wakakubaliana iuzwe, na vijana kwa kuwa bado wadogo tukawaangalilia maslahi yao. Hatukuipaka rangi wala kuing'arisha, maana wanaokusanya vitu hivi huthamini rangi yake ya asili kuliko ya fundi, na boksi la asili huongeza bei.

Kisha tukaandika aibu zake zote. Kichwa kinakwenda mbele lakini hakigeuzi mwelekeo. Behewa moja halina magurudumu ya nyuma. Reli tatu zina kutu. Picha zikapigwa upande mzuri na upande mbaya. Sote tunakijua kisa cha Mtume (SAW) alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta chini pamelowa, na namna alivyomkemea yule muuzaji. Kuna wanaodhani kisa kile ni cha nafaka tu. Treni isiyogeuza iliyopigwa picha ikiwa imesimama ni lundo lilelile.

Shemeji ana ndugu Brussels, yeye ndiye aliyeiuza huko. Mnunuzi alisoma aibu zote akanunua bila kulalamika, kwa sababu alikuwa na kichwa kizima na alitafuta mabehewa. Hazikuwa pesa za kujengea nyumba. Fungu la vijana lilitosha ada ya muhula mmoja. Kodi yetu tulikopa kwa jirani, na tumeshalipa alhamdulillah.

KUWEKA

Limebaki la kuweka, na hapa ndipo watu hushikwa na huzuni. Kuweka kwa ajili ya kumbukumbu si kosa. Lakini kumbukumbu haihitaji katoni tatu, na kitu kinachooza chini ya kitanda hakimheshimu aliyekinunua kwa jasho. Mama wa watoto aliomba behewa moja jekundu lisipelekwe Brussels, thamani yake ihesabiwe katika fungu lake. Likahesabiwa. Liko juu ya kabati, peke yake, na kila anayeingia huuliza ni la nini, naye humweleza habari za mumewe.

Basi ndugu wasomaji, mwenye katoni kama hii asisubiri shida ndiyo imwamulie. Aulize ni ya nani. Aihesabu pamoja na watoto. Aunde kinachoweza kutembea, auze kilichobaki huku akitaja aibu zake, na aweke kile tu ambacho moyo unakijua kwa jina. Akishindwa yote hayo, jirani yake ana mtoto.

Yule mfanyabiashara alirudi kama tulivyoahidiana. Alimkuta kijana mdogo amelala kifudifudi sakafuni, treni inaondoka "Dar". Akakaa akatazama mpaka ilipofika dirishani, akanywa chai, akaenda zake.

Wabillahi tawfiq.