Miguu ya Farasi Katika Picha

Juma hili waite watoto wakae karibu, kwa maana neno letu ni la farasi. Katika vijiji vyetu vingi farasi haonekani, kwa sababu mbung'o humletea ugonjwa akafa upesi. Basi wengi wetu twamjua kwa picha tu. Je, picha yasema kweli?

Twende Uingereza, miaka zaidi ya 200 iliyopita. Wakubwa wa nchi ile walipenda mno mashindano ya farasi. Walileta madume kutoka nchi za Mashariki, wakawazalisha na majike ya kwao, hata ikapatikana nasaba mpya ya farasi wepesi sana. Dume mmoja, jina lake Darley Arabian, aliletwa kutoka Aleppo, nchi ya Siria, mwaka 1704. Katika uzao wake alizaliwa Eclipse, tarehe 1 Aprili 1764, siku ya kupatwa kwa jua. Ndiyo maana ya jina lake. Eclipse alishinda mara 18, wala hakushindwa hata mara moja.

Watu walitamani kuwa na sura za farasi hao nyumbani. Lakini picha ya rangi ilikuwa mali ya tajiri. Kwa hiyo fundi alitwaa bamba la shaba, akaikata picha humo kwa chuma chenye ncha kali, mstari kwa mstari. Kisha alipaka wino, akalipangusa bamba, wino ukabaki ndani ya mikato tu. Karatasi yenye unyevu iliwekwa juu yake, vikapitishwa pamoja katika mtambo wa kugandamiza, na picha ikatoka. Bamba moja liliweza kutoa nakala nyingi. Na hapo ndipo penye hatari: fundi akikosea mguu mmoja, kosa lake laingia katika nyumba nyingi.

Alikuwako mchoraji mmoja, George Stubbs, mtoto wa fundi wa ngozi wa mji wa Liverpool. Huyu hakutaka kunakili kazi za wenzake. Mwaka 1756 alikwenda kukaa katika nyumba ya shambani huko Horkstow. Alitundika mizoga ya farasi kwa kulabu, akaichuna tabaka kwa tabaka, ngozi, nyama, mishipa, hata mifupa, akichora kila alichokiona. Fikiri harufu yake! Alivumilia kazi hiyo zaidi ya mwaka mzima. Mafundi wa London walipokataa kuzikata picha hizo katika shaba, alizikata mwenyewe, na kitabu chake kikatoka mwaka 1766. Tangu hapo aliyetaka kumjua farasi alimwendea Stubbs.

Alipokuwa mzee, mwaka 1794, alianza kazi kubwa: kutoa picha za farasi mashuhuri wa mbio, Eclipse akiwa mmojawapo. Yeye alipaka rangi, na mwanawe, George Townly Stubbs, akakata mabamba. Lakini vita na Ufaransa vilikuwa vimekwisha kuanza, wanunuzi wakawa wachache, na kazi ile haikufika mwisho.

Sasa sikiliza vizuri. Katika picha hizo yumo farasi aitwaye Baronet, anakimbia. Miguu yake yote minne iko hewani, ya mbele imepelekwa mbele, ya nyuma imepelekwa nyuma. Ndivyo walivyochora wachoraji karibu wote wa siku zile, na watu waliowaona farasi kila siku waliitazama picha wakasema, Naam, ndivyo.

Kumbe sivyo! Mwezi wa Juni 1878, huko Palo Alto katika Marekani, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 katika mstari mmoja, na kila kamera ilikuwa na uzi uliovuka njia. Farasi jike, Sallie Gardner, wa nasaba ile ile ya mbio, alipita akikata nyuzi, na kila uzi ulipokatika picha ilipigwa. Picha zilionyesha kwamba miguu yote minne huiacha nchi kweli, lakini hapo huwa imekunjwa na kukusanywa chini ya tumbo, wala haikunyooshwa kama katika picha za shaba.

Wahenga walisema, Kusikia si kuona. Habari hii yatufundisha zaidi, kwamba hata kuona kuna mpaka wake. Stubbs aliujua kila mfupa wa farasi aliyesimama, kwa kuwa aliutazama pole pole kwa mikono yake. Lakini farasi akimbiaye hulishinda jicho, na pale jicho liliposhindwa, hata fundi huyo hodari alifuata desturi ya wote.

Basi, ndugu msomaji, tusimdharau Stubbs. Picha zake za farasi waliosimama zaaminiwa hata leo. Lakini jambo likirudiwa na watu mia, tuulize: ni mia walioona, au ni mmoja aliyekosea na 99 walionakili? Siku moja wape watoto karatasi, wamchore ng'ombe akitembea. Wakimaliza, waende nao malishoni wakahesabu ni mguu upi unaotangulia. Nawe usikae nyumbani, nenda pamoja nao.